Nafasi Moja Imebaki na Ni Mwezi wa Tano: Timu ya Kikapu ya Chuo Imchukue Nani?

Kinyozi wetu hapa Lexington, Kentucky, ni mtu wa Lubumbashi. Mji huu una Wakongo wengi, na dukani kwake utasikia Kiswahili cha Katanga, cha Bukavu, cha Bujumbura na hiki changu cha Dar es Salaam, vyote vikishindana na televisheni moja. Mwezi wa 4 mwaka 2024 hatukuwa na habari nyingine. Timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky ilikuwa imetolewa na chuo cha Oakland raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa ya vyuo ya kila Machi, pointi 80 kwa 76. Kocha John Calipari akahamia Arkansas baada ya miaka 15, na kocha mpya, Mark Pope, akakabidhiwa ukumbi wa Rupp Arena pamoja na orodha ya wachezaji iliyokuwa karibu tupu.

Siku moja nilikuwa nimekaa kitini, shuka shingoni, namwonyesha kinyozi video ya kijana wa sekondari ambaye hakuwa amesaini popote. Anaruka, anadanki, anarudi hatua moja nyuma na kupiga pointi 3 usoni mwa beki. Kinyozi akazima mashine, akaitazama video mpaka mwisho, akaniuliza: "Yaya, ule mutoto ni mukali. Sasa juu ya nini anabaki mpaka leo?"

Yaani, mkali hivyo, kwa nini hajachukuliwa mpaka leo? Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo hilo ndilo swali langu la kwanza kila jina jipya linapotajwa mwishoni mwa usajili, na ndilo lililonifanya niandike ulinganisho huu. Ni kwa shabiki anayebishana na wenzake, kwa kocha msaidizi mwenye nafasi moja na majina manne mezani, na kwa mzazi anayetaka kujua upande wa pili wa meza wanampimaje mwanawe.

Vipimo kabla ya majina

Wachezaji wengi wa sekondari Marekani husaini mwezi wa 11, karibu mwaka mzima kabla hawajavaa jezi ya chuo. Wanaobaki mpaka mwezi wa 4 na wa 5 ni wa aina nne: mkongwe anayehama chuo, kijana wa sekondari ambaye bado yuko huru au amekuwa huru tena, mchezaji wa chuo cha miaka miwili, na mchezaji kutoka nje ya Marekani. Wote nitawapima kwa mambo matano.

La kwanza ni pengo lenyewe. Mechi ya chuo ni dakika 40 na uwanjani wapo watano, kwa hiyo kocha ana dakika 200 za kugawa. Chukua karatasi. Andika kila anayerudi na dakika alizocheza msimu uliopita, umwongezee kidogo yule anayekua. Ukijumlisha ukapata 165, zimebaki 35. Sasa jiulize hizo 35 ni za nani: za anayepandisha mpira, za mpigaji wa pembeni, au za mrefu wa chini ya goli? Ubishi mwingi wa dukani huishia hapo, kwa sababu anayepigiwa debe ni mlinzi wa nne wakati timu haina mtu wa kuokota ribaundi.

La pili ni sababu ya kuchelewa. Zipo sababu safi: kocha aliyemsajili ameondoka, kijana amerefuka akiwa na miaka 18, aliumia goti mwaka ule ambao makocha huzunguka kutazama, karatasi zake zilikwama. Zipo pia sababu za kukutia wasiwasi: alama za darasani, ugomvi na makocha wawili mfululizo, au mshauri anayezungusha bei kwa vyuo vitano kwa wakati mmoja. Video ya dakika tatu haikwambii ni ipi.

La tatu naliita ujuzi unaosafiri. Namba za mchezaji zina kwao. Zimepatikana dhidi ya mabeki fulani, katika timu fulani. Nionavyo, kuokota ribaundi, kuzuia mitupo na kupiga mitupo huru husafiri vizuri kutoka ligi moja hadi nyingine. Pointi za kuwapita mabeki wafupi hazisafiri. Kwa mitupo ya pointi 3, tazama idadi kabla ya asilimia. Aliyefunga 12 kati ya 30 ana asilimia 40, aliyefunga 70 kati ya 200 ana asilimia 35, na mimi namwamini huyu wa pili. Nikibaki na shaka nakwenda kwenye mitupo huru. Anayefunga 8 kati ya 10 pale mstarini ana mkono mzuri, hata kama pointi 3 bado hazijamkubali.

La nne ni miaka aliyobakiwa nayo, pamoja na muda atakaohitaji kuiva. La tano ni karatasi na pesa, na hili limebadilika sana. Tangu mwezi wa 7 mwaka 2025, baada ya maafikiano ya mahakamani, vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo kimoja katika mwaka wa kwanza. Vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo vina ukomo wa wachezaji 15 wa kikapu, badala ya ule ukomo wa zamani wa wachezaji 13 wenye ufadhili wa masomo. Nafasi ya mwisho siku hizi ina bei yake, na ukimpa mtu asiyefaa umempunguzia mwingine.

Mkongwe anayehama chuo

*Pengo.* Huyu ndiye anayeziba shimo haraka kuliko wote. Ana miaka 22 au 23, mwili umekomaa, ameshacheza mechi 90 na anajua kocha akipiga kelele "badilishaneni" maana yake ni nini. Timu ya Oakland iliyotuumiza mwaka 2024 ilibebwa na mtu wa namna hiyo. Jack Gohlke alitoka Hillsdale, chuo cha daraja la pili, akaja Oakland kwa msimu mmoja tu. Usiku ule alipiga mitupo 10 ya pointi 3. Hakuna aliyempa jina kubwa wakati anahama. Oakland walitaka mpigaji, wakamchukua mpigaji, wakampa mitupo.

*Kwa nini amechelewa.* Mara nyingi hajachelewa hata kidogo. Tangu mwaka 2021 mchezaji aliweza kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na kuanzia mwaka 2024 akaweza kuhama kila mwaka mradi masomo yake yako sawa. Mwaka 2025 lango la uhamisho, yaani orodha rasmi ya wanaotaka kuhama, lilifunguliwa Machi 24 na kufungwa Aprili 22, na zaidi ya wachezaji elfu mbili wa daraja la kwanza waliingiza majina. Jina lazima liingie ndani ya siku hizo, ila kuchagua chuo kunaweza kungoja. Mkongwe aliyebaki hadi katikati ya mwezi wa 5 huenda anasubiri kujua kama timu za NBA zinamtaka. Huenda pia anasubiri dau lipande. Yote mawili ni haki yake, ila ujue unaongea na yupi.

*Ujuzi unaosafiri.* Hapa ndipo palipo na utajiri wa ushahidi, maana amecheza dhidi ya wanaume wenzake. Pope alipojaza timu yake mwaka ule alikwenda na orodha ya kazi. Alihitaji mpigaji, akamchukua Koby Brea wa Dayton, aliyekuwa ameongoza nchi nzima kwa asilimia ya mitupo ya pointi 3. Alihitaji mlinzi wa goli, akamchukua Amari Williams, Mwingereza kutoka Nottingham aliyekuwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi yake mara tatu akiwa Drexel. Alihitaji mtu wa kubana mchezeshaji wa wapinzani, akamchukua Lamont Butler wa San Diego State. Kazi ya kila mmoja ilisafiri naye. Aliyenishangaza ni Otega Oweh. Oklahoma hakuwa nyota, hapa akawa mfungaji wetu mkuu. Kumbe alihitaji timu yenye nafasi ya kukata kuelekea goli, na kwa kipimo cha kufaa kwa timu naona huo ndio usajili uliofanikiwa kuliko yote ya mwaka ule.

Cha kuangalia sana ni kuporomoka kwa kazi. Mtu aliyepiga mitupo 17 kila mechi kwenye chuo kidogo anakuja kwako kupiga 7. Tazama mechi yake nzima, si vipande, umfuate asipokuwa na mpira. Mimi na kinyozi tuliwahi kuhesabu kwa mchezaji mmoja: kila alipokosa mtupo, alisimama na kumtazama mwamuzi kabla ya kurudi kuzuia. Mara sita katika nusu moja. Kwao alivumiliwa kwa sababu ndiye aliyekuwa akifunga.

*Miaka na muda.* Kuiva ameshaiva, lakini anakuachia msimu mmoja, pengine miwili. Brea, Butler, Williams, Andrew Carr na Jaxson Robinson wote walimaliza muda wao mwaka 2025, na mwezi wa 4 tukawa pale pale tulipokuwa mwaka uliotangulia. Majeraha nayo hayana pa kujificha katika mkataba wa mwaka mmoja. Butler alisumbuliwa na bega, Robinson akakatishwa msimu na kifundo cha mkono.

*Karatasi na pesa.* Ndiye ghali kuliko wote. Karatasi zake huwa nyepesi, isipokuwa masomo yake yasipokubaliwa yote na chuo kipya.

Kijana wa sekondari ambaye bado yuko huru

*Pengo.* Usimchukue huyu kwa ajili ya dakika 25 za mwezi wa 11. Mchukue kwa ajili ya dakika 8 mwaka huu na 25 mwaka kesho kutwa. Akikupa zaidi, shukuru.

*Kwa nini amechelewa.* Hapa swali la kinyozi lina uzito wote. Chukua mfano wa Trent Noah, kijana wa Harlan County, kwenye milima ya mashariki ya Kentucky. Alikuwa ameshasaini South Carolina, akaachiliwa mwezi wa 4 mwaka 2024, akaja kwetu. Sababu yake ilikuwa inaonekana wazi: alitaka kucheza nyumbani. Kijana wa namna hiyo si mabaki ya soko. Ni bidhaa ya mwezi wa 11 iliyorudi sokoni mwezi wa 4. Kila kocha anapofukuzwa au kuhama, vijana kama hao hujitokeza, na timu iliyoandaa orodha yao mapema ndiyo huwahi.

Wa pili ni aliyechelewa kukua. Obi Toppin alimaliza sekondari bila chuo chochote cha daraja la kwanza kumtaka. Akaenda mwaka mmoja wa ziada Mt. Zion Prep, Baltimore, akazidi kurefuka, akachukuliwa na Dayton, akakaa msimu wa kwanza bila kucheza, na mwaka 2020 akawa mchezaji bora wa vyuo nchini. Kwa hiyo ukikutana na kijana wa mwezi wa 5, uliza umri wake, urefu wake wa miaka miwili iliyopita, na viatu vya baba yake. Huwa nachekwa nikiuliza habari za viatu. Siachi kuuliza.

Wa tatu ni yule ambaye kila chuo kimemtazama na kumwacha. Huyo muulize kocha wake wa sekondari, mwalimu wake wa hesabu, na yule anayefungua ukumbi asubuhi.

*Ujuzi unaosafiri.* Punguza kila namba unayoiona. Mstari wa pointi 3 wa sekondari uko mita 6.02 kutoka golini, wa chuo uko mita 6.75. Mtupo uliokuwa unaingia kwa raha unaanza kugonga mbele ya ringi. Travis Perry alikuja Kentucky akiwa mfungaji mkubwa kuliko wote katika historia ya sekondari za jimbo hili, jambo la kujivunia maisha yote, na bado mwaka wake wa kwanza aliutumia kujifunza kukaa mbele ya walinzi wenye nguvu zaidi. Baada ya msimu mmoja akahamia Ole Miss.

*Miaka na muda.* Kwenye karatasi ana miaka minne, na anaweza kutumia mwaka mmoja kwa mazoezi tu bila kucheza mechi, kwa kuwa sheria humpa miaka mitano ya kutimiza misimu minne. Zach Edey wa Purdue hakuwa jina kubwa alipotoka sekondari. Alikaa chuo kile kile miaka yote minne akawa mchezaji bora wa nchi mara mbili, 2023 na 2024. Ila wa namna ya Edey ni wachache. Siku hizi ukimlea kijana vizuri, mwenye pesa zaidi atakuja mlangoni mwako mwezi wa 4.

*Karatasi na pesa.* Gharama ni ndogo. Hakikisha ana masomo 16 ya msingi yanayotakiwa kwa daraja la kwanza na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Kijana mzuri aliyebaki mpaka mwezi wa 5 wakati mwingine amebaki kwa sababu ya somo moja la kemia.

Mchezaji wa chuo cha miaka miwili

*Pengo.* Anafaa dakika 10 hadi 20, hasa kazi za jasho: kuzuia, kuokota, kukimbia.

*Kwa nini amechelewa.* Ratiba yake ndiyo ilivyo. Wengi huhitaji kumaliza masomo ya mwezi wa 5 kabla chuo hakijawakubali, kwa hiyo kuchelewa kwake hakukutishi. Kinachohitaji kuulizwa ni kwa nini alianzia huko: alama, pesa, au hakuna aliyemwona? Jimmy Butler alianzia Tyler Junior College, Texas, kabla ya Marquette. Dalton Knecht alikaa miaka miwili Northeastern Junior College, Colorado, akapanda Northern Colorado, kisha Tennessee, na mwaka 2024 akawa mchezaji bora wa SEC, ligi ambayo Kentucky nayo imo. Tulimlaani sana hapa dukani mwaka ule, na tulimheshimu.

*Ujuzi unaosafiri.* Ngazi hiyo ina kasi na pointi nyingi, ulinzi hulegea. Kata pointi zake kwa nusu kichwani mwako, ubakishe ribaundi na mipira anayonyang'anya.

*Miaka na muda.* Ilikuwa miwili, sasa mambo yanasogea. Desemba 2024 jaji wa shirikisho huko Tennessee alimruhusu Diego Pavia wa Vanderbilt, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, acheze mwaka zaidi kwa hoja kwamba miaka ya chuo cha miaka miwili isihesabiwe, na NCAA ikafungua mlango kwa waliofanana naye kwa msimu wa 2025–26. Muulize mwanasheria wa chuo kabla hujaandika idadi ya miaka.

*Karatasi na pesa.* Bei ya wastani. Hamishia kila somo lake kwenye meza ya ofisi ya usajili wa wanafunzi siku ile ile unayoongea naye.

Mchezaji kutoka nje ya Marekani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni habari ya kwetu.

*Pengo.* Zamani nafasi yake ilikuwa moja: mrefu wa chini ya goli. Hasheem Thabeet aliondoka Dar es Salaam, akamalizia sekondari Houston, akasajiliwa na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006 akiwa bado anajifunza mchezo. Kocha wake, Jim Calhoun, hakumtaka apige mbali wala apandishe mpira. Alimtaka asimame mbele ya goli na mita zake 2.21 azuie. Akawa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi ya Big East mara mbili, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Timu ilikuwa na kazi moja, yeye alikuwa na kipaji kimoja, vikakutana. Siku hizi wanakuja hata wachezeshaji. Msimu wa 2024–25 Illinois ilimpa mpira Kasparas Jakučionis, Mlithuania aliyelelewa Barcelona, na chini ya goli ikamweka Tomislav Ivišić wa Kroatia.

*Kwa nini amechelewa.* Kwa Mzungu anayecheza klabu, msimu wake huisha karibu na mwezi wa 5 au wa 6 na mkataba lazima uvunjwe. Kwa kijana wa Mwanza au Goma, hakuna aliyefika kumwona. Hizo ni sababu safi kuliko za wengi.

*Ujuzi unaosafiri.* Aliyelelewa kwenye kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ameshazoea mstari wa mita 6.75, kwa sababu vyuo vya wanaume vilihamia umbali huo msimu wa 2019–20. Ameshazoea pia kupiga mtupo ndani ya sekunde 24, na chuoni anapewa 30. Kinachokwama ni lugha. Ulinzi mzuri ni wa kelele: "skrini kushoto", "nimekuacha, mchukue", "nyuma yako". Niliwahi kumpokea uwanja wa ndege kijana wa kwetu aliyefika masomo yakiwa wiki ya tatu. Mazoezini alikuwa sahihi kwa miguu na bubu kwa mdomo. Wenzake walidhani ana maringo. Ilipofika mwezi wa 1 mwenzake mmoja alijifunza kusema "kushoto" na "kulia" kwa Kiswahili, wakaanza kucheka pamoja, na dakika zake zikapanda. Kabla ya kumsajili mtu kutoka mbali, tazama kama timu ina hata mmoja atakayehangaika hivyo.

*Miaka na muda.* Miaka hutegemea umri na kama alishalipwa kwenye klabu, na NCAA huchunguza kila kesi peke yake. Muda wa kuzoea uhesabu miezi mitatu, hata kwa aliyekomaa. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi na fahari ya kinyozi wetu, alihama West Virginia katikati ya msimu wa 2020–21, akafanya mazoezi Kentucky miezi yote ile bila kucheza mechi. Msimu uliofuata akaokota ribaundi 15.1 kwa mechi na akawa mchezaji bora wa nchi. Naamini ile miezi ya ukimya ilimfaa kuliko tulivyotambua.

*Karatasi na pesa.* Usaili wa viza unaweza kula kiangazi chote. Na viza ya mwanafunzi hubana kazi za malipo. Tshiebwe akiwa bora wa nchi hakuweza kufanya matangazo hapa Lexington kama wenzake, na timu ilipokwenda Bahamas mwezi wa 8 mwaka 2022 ndipo alipoyafanya, akiwa nje ya ardhi ya Marekani. Mzazi usiahidiwe pesa kabla mwanasheria wa uhamiaji hajasema neno.

Wakikaa meza moja

Kwa kuziba pengo mwezi wa 11, mkongwe yuko mbele, anafuatiwa na wa chuo cha miaka miwili. Kwa urefu wa muda, kijana wa sekondari anawapita, mradi ukubali kwamba anaweza kuondoka akishaiva. Wa nje ndiye mwenye sababu safi ya kuchelewa na njia ndefu ya karatasi. Kwa uhakika wa namba, mkongwe tena. Kwa bei, vijana. Sijaona kundi linaloongoza kwenye vipimo vyote, na kila aliyeniambia ameliona alikuwa anaifikiria timu yake mwenyewe.

Kulingana na hali yako

Una wanne wa kwanza wenye uzoefu na unataka kufika mbali Machi hii. Mchukue mkongwe mwenye kazi moja inayoeleweka, hata kama wastani wake ni pointi 8, umwambie kazi hiyo kwa maneno kabla hajasaini.

Umekabidhiwa orodha tupu. Fanya kama Pope: wakongwe kwa mzigo wa mwaka wa kwanza, na vijana wawili watatu wenye sababu ya kukaa. Timu ile ilimaliza na ushindi 24 na kufika kumi na sita bora. Noah na Collin Chandler, aliyekuja baada ya miaka miwili ya utume wa kanisa Sierra Leone na London, bado walikuwepo wakongwe walipoondoka.

Chuo chako hakina pesa. Wakimbilie waliochelewa kukua na wa vyuo vya miaka miwili, na uwe na mpango wa mwezi wa 4 siku mmoja wao atakapoitwa na mkubwa.

Nafasi iliyobaki ni ya 15 na hesabu ya dakika inakupa sifuri. Usimletee mkongwe asiyecheza. Atanung'unika kufikia Krismasi, na ana haki. Mpe kijana atakayefanya mazoezi mwaka mzima, au iache wazi mpaka katikati ya msimu.

Umebanwa chini ya goli na sokoni warefu wamekwisha. Piga simu nje mapema, ukubali kwamba huenda akakosa mechi za kwanza.

Na kama wewe ni mzazi uliyeko Dar, Nairobi au Lubumbashi, na kocha amepiga simu mwezi wa 5 akimtaka mwanao kwa haraka, geuza vipimo. Muulize: dakika ngapi zimebaki katika nafasi ya mwanangu, na nani mwingine unazungumza naye kwa nafasi hiyo? Kwa nini nafasi hii iko wazi mpaka leo? Wewe ukihama, ufadhili wake unabaki kwa maandishi ya nani? Akikujibu kwa majina, dakika na karatasi, endeleeni kuzungumza. Akikutumia video ya ukumbi uliojaa watu, mwombe muda mpaka kesho.